Madabodi ya Kompyuta ya Amiri

Dunda,
Bagamoyo.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Twalha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa, maana nikiisubiri nitazeeka: marahaba. Hujambo? Kazi ya viyoyozi inakwendaje, na joto la Muscat limeanza kupungua? Kile kiuno kimepona? Kula chakula cha maana huko, usiishi kwa chai na mikate.

Huku tupo. Mama hajambo kiasi chake. Presha inapanda na kushuka na chakula anakigusagusa tu, lakini swala zake zote anasali kwa kusimama, nashukuru kwa hilo. Mimi sina ugonjwa ila huzuni, na hiyo unayo na wewe, kwa hiyo sitakusimulia kama kitu kigeni.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu hupokei. Meseji unazisoma, naona, kisha kimya. Tangu arobaini ya mdogo wetu Amiri ipite, Mama amekutafuta mpaka sasa haniombi tena nikupigie. Nilikukasirikia, Twalha, sikufichi. Nilisema umekaa Uarabuni mpaka moyo umekuwa jiwe. Sasa najua sivyo, ndiyo maana nimemwomba jirani yetu Abdulrazak, anayesafiri kuja huko, akukabidhi barua hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue.

Nianze na kosa langu. Unakumbuka Amiri alivyokuwa akiikusanya kompyuta yake ya gemu kwa vipande. Miaka miwili, kila akipata chochote pale steshenari alipokuwa akiwachapia watu barua na kuwajazia fomu, ananunua kipande kimoja, anakisukuma chini ya kitanda na boksi lake. Tulikuwa tukimcheka kwamba amelalia duka. Mpira hakupata kuucheza hata siku moja kwa ajili ya sikoseli. Uwanjani kazi yake ilikuwa kulinda viatu vya wenzake. Kwenye gemu ndiko alikokuwa akikimbia, na aliyekuwa akikimbia naye ni wewe, kwa hizo simu zenu zinazokwama kila dakika.

Baada ya hitima, vitu vyake vilipogawiwa, wazee waliniachia mimi vile vya chini ya kitanda. Nikaona maboksi sita, kila moja na picha yake, nikajua ni vitu sita. Nikataka kila mtu wake apate ukumbusho. Prosesa nikampa binamu yetu Yahya wa Msata, kwa kuwa ni fundi simu. Pawasaplai, kile chuma cha kuiingizia kompyuta umeme, nikampa Mama mdogo Sihaba wa Saadani, nikidhani ni ya kuchajia. Vijiti viwili vya RAM nikakuletea wewe kwa mkono wa huyu huyu Abdulrazak, kwa sababu ni vyepesi kusafirisha. Kasha lenye ubavu wa kioo, na kadi ya picha na diski, vikabaki kwa Mama. Niliona nimegawa kwa haki, hata nikajisifu. Kumbe kilikuwa kitu kimoja, na mimi ndiye niliyekitawanya.

Yahya ndiye aliyenifumbua macho. Alipofungua boksi lake akapanda basi mpaka huku kuniuliza madabodi iko wapi. Mimi hata jina sikulijua. Akanieleza kuwa ni ule ubao mkubwa ambao vyote vinachomekwa juu yake, na bila huo vingine ni mapambo. Tukatafuta chini ya kitanda, kabatini, mpaka juu ya dari. Amiri alikufa hajainunua.

Mama alikuwa akitusikiliza. Akasema Amiri alimwahidi kwamba siku kompyuta ikikamilika, wa kubonyeza kitufe cha kuiwasha ni yeye Mama, si mtu mwingine. Ndipo nikajua kwa nini kila asubuhi analipangusa lile kasha. Ndani yake ameweka kofia ya Amiri ya Ijumaa, ile ya kushona kwa mkono. Akatwambia, "Ikamilisheni. Mimi nimebakiwa na ahadi hiyo tu." Nilikwenda uani nikalia, na sikuona haya.

Basi tukaanza kukusanya nilichokitawanya. Yahya alikwenda Saadani kuifuata pawasaplai. Mama mdogo Sihaba alikuwa ameiweka kwenye kabati la ng'onda wake, akisema kitu kizito hivyo lazima kina thamani. Imerudi inanuka samaki mpaka nyaya zake. Mama aliponusa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akajiziba mdomo kwa kanga kana kwamba amefanya kosa.

Mimi na Yahya tukaenda Kariakoo kuchagua madabodi. Nilidhani madabodi ni madabodi, kama mwiko ni mwiko. Muuzaji akatuuliza RAM yetu ni ya aina gani, nikamwambia ni ile ya vijiti viwili. Prosesa ya Amiri inakubali aina mbili, DDR4 na DDR5, lakini madabodi hukubali moja tu, na ukikosea kijiti hata hakiingii. RAM unayo wewe, na mimi niliyeigawa sikuisoma hata herufi moja. Tena zipo madabodi ndogo zenye sloti mbili za kuchomekea RAM, na kubwa zenye nne. Yahya akasema mbili zinatutosha kwa kuwa vijiti ni viwili. Nikakumbuka kauli yako, maana ndiyo hiyo hiyo.

Nilikuwepo siku ile mlipogombana. Simu ilikuwa kwenye spika, yeye kalala na maumivu ya miguu. Anakwambia anataka ya sloti nne, na wewe unamjibu, "Nne za nini na vijiti unavyo viwili? Mgonjwa una maringo wewe." Akakata simu. Wiki tatu baadaye tukamzika, na hamkuwa mmesemezana. Najua hilo ndilo lililokufunga mdomo. Ulimi hauna mfupa, mdogo wangu. Sote tulimtania Amiri kwa maneno kama hayo na makali kuliko hayo, ila yako yakatokea kuwa ya mwisho.

Tuliporudi kutoka Kariakoo nilifungua daftari lake la kazini, huenda aina ya RAM kaiandika. Hakuiandika. Yapo majina ya madabodi kama kumi, yote kayapiga mstari. Chini kabisa, kwa ule mwandiko wake wa kulala, kaandika: "Sloti nne. Mbili zangu. Mbili za Twalha, akirudi aje na zake."

Nimeisoma mara nyingi, Twalha. Hayakuwa maringo. Alikuwa akikuwekea pa kuchomeka vyako, mpate kucheza nyumbani kwenye kompyuta moja. Kwa nini hakukwambia siku ile sijui. Labda ulimwahi kwa maneno, labda aliona haya kukuomba urudi. Alikuwa na kiburi cha kitinda mimba, unamjua.

Mama nimemsomea. Hakulia. Aliuliza tu kama dukani ile ya nne ipo.

Basi leo, Abdulrazak akiwa hapo hapo mbele yako, toa vijiti kwenye boksi, soma kilichoandikwa, umpigie Yahya. Atanunua madabodi ya aina hiyo, ya sloti nne. Lakini vijiti vyenyewe usimpe Abdulrazak, nimemkataza kuvipokea. Uje navyo mwenyewe. Ukiweza kuongeza viwili vyako, ongeza. Usipoweza, njoo na vile vile, sloti mbili zikae wazi, na hakuna atakayekuuliza lolote. Mama anasema bila wewe hatabonyeza kitufe, na wewe unajua akisema haondoki kwenye neno lake. Kaburi nalo lipo, tutakwenda pamoja, umwambie mwenyewe ulichokuwa unataka kumwambia.

Yahya anakusalimu, na Mama mdogo Sihaba anasema ukija hutapungukiwa ng'onda. Mjomba Mwinyimvua anakuombea kila baada ya alfajiri. Wasalimie wenzako wa chumbani. Mola akupe wepesi wa ruhusa na wa moyo, akufikishe salama, na amlaze ndugu yetu mahali pema.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nilipokuwa nimekununia,

Hafidha

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Mama ameitoa ile kofia ndani ya kasha ili kuipisha madabodi. Nilidhani ataiweka kabatini. Ameifua, na sasa naiona imeanikwa uani. Anasema ikikauka ataiweka kwenye mto wako.