Samadi Chini ya Leza

Jumatatu, 2 Septemba
Nimefuta kioo. Nimesoma namba. Nimeandika. Kazi ya mwenye akili hii, hata kama shule niliiacha kidato cha pili. Mashine inarusha leza, mwanga usioonekana kwa macho, inavuka bonde mpaka kwenye kioo, inarudi. Kila gesi inakula kipande chake cha mwanga. Mashine inaona kilicholiwa, inataja mlaji. Tunduma nimefika, Lusaka nimefika, pua kama hii sijaiona.
Methani imepanda sana leo. Sijui kwa nini. Masanja kaniletea mkokoteni wa tatu wa samadi ya ng'ombe wake. Bure. Nimeirundika mbele ya kibanda cha mashine, karibu na kabichi zangu. Msukuma yule ana roho nzuri.

Jumatano, 4 Septemba
Kilabuni nilikuwa moto. Wananiita Profesa, sikatai. Nimewaambia mashine yangu inanusa ng'ombe wa Masanja wakicheua methani kule ng'ambo. Mmoja kauliza, "Profesa, na mke wangu itamnusa?" Nikamwambia huyo hata bila mashine. Masanja mwenyewe kacheka mpaka machozi. Mwenyekiti wa mtaa hakucheka. Aliomba zile namba. Nikampa. Nilijiona mkubwa.

Jumamosi, 7 Septemba
Mkutano wa mtaa. Mwenyekiti kasimama na namba zangu mkononi. Eti sayansi imethibitisha, ng'ombe wa Masanja wanachafua hewa, watoke bondeni ndani ya siku saba. Bonde lile analitamani miaka yote alime vitunguu. Watu wote wakanigeukia, "Si kweli, Profesa?" Ningesema ulikuwa utani. Nikatingisha kichwa kukubali. Kwa ajili ya jina la kilabuni.
Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Septemba
Daktari Neema, mtafiti mwenye mashine, kaja kukagua. Hata salamu hakumaliza, kaiona samadi.
"Kaka, si nilikwambia mbele ya kibanda pakae wazi? Leza inapita juu ya hii."
Kumbe samadi nayo inatoa methani. Mashine haijui ng'ombe wa nani. Inajua gesi iliyo njiani mwake tu. Ng'ombe wa Masanja wako mbali na njia hiyo, na upepo unaelekea kwao. Pua yangu kubwa ilikuwa inanusa rundo langu mwenyewe.
Daktari kaandika barua. Nimeikimbiza kwa mwenyekiti. Kaisoma, kaikunja, kanirudishia. "Profesa, mkutano umeshapita." Namchukia. Mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba
Masanja kahama. Anashuka Mtowisa, kwenye joto, na ng'ombe, mke, vyungu, kuku. Nimemweleza yote njiani, mbele ya mkewe. Nilitaka anitukane. Kaniambia, "Samadi usiitupe, bwana. Ihamishie nyuma ya nyumba. Mvua zikianza itakufaa." Kapiga mluzi, ng'ombe wakamfuata.
Afadhali angenichapa fimbo.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimehamisha samadi. Mikokoteni mitatu, peke yangu. Kilabuni siendi.
Nimefuta kioo. Methani imeshuka. Ng'ambo kuna watu wanapima vitunguu vitaanzia wapi.
Nimefungua daftari la mashine, nikarudi tarehe mbili. Safu ya sababu ilikuwa tupu. Nimeijaza: samadi, ya kwangu.