Muhogo Wako wa Mwisho

Mama mkwe wangu mpendwa,

Leo ni Ijumaa, saa tisa mchana, na sijui kama nje kuna jua au mvua. Sitanii. Nimekaa mlangoni kwako hapa Adumi, nusu ya ua inang'aa, nusu nyingine inanyeshewa, kuku wamesimama katikati hawajui waende wapi, na mimi niko kama wao. Kesho ni ibada yako ya kumbukumbu, mwaka umetimia. Nilitaka nikuandikie barua ya heshima yenye maneno ya kanisani, lakini wiki hii imenivuruga kichwa, kwa hiyo nitaandika yanavyokuja.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine mimi na wewe. Wewe Mlugbara wa Adumi, ulikiokota kambini zamani, marehemu baba alipokuwa askari. Mimi mtoto wa duka la Koboko, baba yangu alikuja na biashara yake kutoka Congo akakaa. Siku mwanao Asiku aliponileta kwako, ulinitazama viatu kwanza, kisha mikono, ukasema, "Huyu iko na mikono ya duka." Nilicheka nikidhani ni sifa. Mwezi mzima ulipita kabla sijajua kwamba haikuwa sifa.

Unaukumbuka ule muhogo wa bondeni? Ule uliopanda mwenyewe wakati kikohozi kimeshaanza, ukakataa mtu yeyote asikusaidie, hata kubeba jembe? Tumeuvuna. Wifi Candiru, binti yako, alisema mbele ya ukoo wote kwamba watu watakaokuja kesho wale enyasa, ugali wa kwenu, wa muhogo ule, upikwe na mtama kama ulivyokuwa unasonga wewe, wasiletewe ugali wa unga wa dukani. Alisema ndicho chakula cha mwisho ulichokipanda. Wote wakakubali. Kisha wakageuka kunitazama mimi, mke wa mwanao mkubwa, maana kuukausha na kuusaga ni kazi yangu. Niliona vizuri jinsi walivyonitazama, mama. Walikuwa wanatazama mikono.

Muhogo ule ukiharibika, hakuna mwingine wako. Hilo ndilo limeninyima raha tangu Jumapili.

Basi tuliumenya, tukaufunika na majani mpaka ukachachuka vizuri, tukaukwangua, tukaukatakata, na Jumapili baada ya kanisa nikaupandisha kwenye mwamba nyuma ya nyumba. Kila mmoja alianika mahali pake palepale pa siku zote. Candiru upande wa chini na muhogo wa shamba lake, mimi katikati na wako. Mahali pako, kule juu karibu na ufa, panapopata jua la kwanza, palibaki wazi. Hakuna aliyeanika pale tangu uondoke. Wala hakuna aliyekataza.

Jumatatu na Jumanne lilikuwa jua lenyewe la mwezi wa sita, lile la siku mvua inapokwenda kupumzika. Vipande vikaanza kuwa vyeupe. Nikaviokota viwili nikavigonganisha ulivyonifundisha, vikalia. Nikajiona mjanja. Nilimpigia Asiku simu, yuko Koboko kikazi, nikamwambia muhogo wa mama yako Alhamisi unaingia mashineni, jioni ile ile nachekecha unga. Alisema, "Sawa." Unamjua mwanao.

Jumatano ndipo mambo yalipoharibika, au hayakuharibika, hata sasa sielewi. Asubuhi simu iliandika mvua. Jirani yetu akasema hapana, leo kavu mpaka jioni. Asiku akapiga kutoka Koboko kusema huko inanyesha vibaya. Mimi nikatazama juu nikaona bluu tupu. Nikaanua muhogo wote, nikaingiza ndani. Jua likawaka. Nikatoa, nikaanika. Wingu likaja kutoka upande wa Congo, jeusi, nikaanua tena. Likapita bila hata tone. Mara nne nilifanya hivyo siku ile, mgongo unaniuma hadi leo, na Candiru amekaa kwenye kivuli chake anachambua mboga, muhogo wake haujasogea. Nilimchukia kidogo. Nakuambia ukweli kwa sababu huwezi kumwambia.

Na wewe nilikukasirikia. Ulikuwa unasimama hapa hapa mlangoni, unanusa, unasema, "Leo jua iko ya uongo." Sisi tunakucheka, mbingu nyeupe, joto la kuchoma nyayo. Saa saba mvua inamwagika. Nilikuuliza unaona nini, ukasema ni upepo. Siku nyingine ukasema ni goti. Siku nyingine ukasema ni mbuzi, nikauliza mbuzi gani, ukasema wote. Nilidhani unanitania, na nadhani kweli ulikuwa unanitania, lakini goti lako sikurithi, na mbuzi nimewatazama wiki nzima, wanakula tu. Kwa nini hukunikalisha chini siku moja ukaniambia yote kwa mpangilio? Au hakukuwa na la kuambia?

Jumatano ile nikiwa nimechoka nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa. Ulikuwa umekwenda msibani Pajulu. Mwambani kulikuwa na muhogo wako kule juu na wangu katikati, ulinigawia fungu langu ili nijifunze. Mvua ikaja. Nikakimbia kama kichaa, nikaanua wangu wote, hata kipande kimoja hakikulowa, nikauweka ndani nikakungoja unipongeze. Wako ulinyeshewa mpaka ukaogelea.

Ulirudi kutoka msibani. Uliuokota uliolowa, ukaukausha hivyo hivyo mweusi, ukausaga. Wangu mweupe uliuweka kwenye chungu ukakifunika, ukasema, "Hii ya kwako weka, utakula siku yako." Kwa wiki tatu tulikula enyasa nyeusi yenye uchungu. Asiku anatafuna anatazama ukuta. Candiru anatafuna ananitazama mimi. Hakuna aliyeuliza chungu kile kina nini. Wiki ya tatu nilikibeba mwenyewe nikaja kukiweka miguuni pako, nikalia, ndipo ukasema lile neno.

"Hapa kwetu mvua ikikuja, unaanza na ya mutu hayuko. Mutu iko, yake atajiokota."

Ukachanganya unga mweupe na mweusi kwenye beseni moja, tukala. Nilidhani nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa habari ya muhogo tu.

Jana asubuhi hapakuwa na wingu hata moja. Ubaridi kidogo, umande, ndege wanapiga kelele, siku nzuri kabisa. Nikaanika, nikapanda boda kwenda Arua kuchukua maturubai na masufuria ya kuazima. Nikiwa hapo barabarani nafunga mzigo, mbingu ikafunguka. Haikuanza kwa matone, ilianza yote. Mwenye boda akajibanza chini ya kibaraza akasema tungoje. Nikamwambia nina muhogo mwambani, si wangu, ni wa marehemu. Akasema, "Mama, iko muhogo, lakini iko pia maisha." Nikasimama pale nimekumbatia maturubai ya kufunika wageni, na chakula cha wageni hakina cha kukifunika. Nililia mbele za watu. Mimi, mtu mzima.

Nilipofika, mahali pangu mwambani palikuwa patupu. Nikajua maji yameuzoa muhogo. Nikaingia ndani kwako na hapo sakafuni, juu ya magunia, muhogo wako wote ulikuwa umerundikwa, mweupe, mkavu. Wa Candiru ulikuwa bado uko nje mwambani, umevimba maji. Yeye alikuwa amesimama jikoni anakamua gauni lake.

Miaka minane, mama, wifi huyu hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Koboko. "Koboko, leta chumvi." Nilimuuliza kwa nini ameacha wake ukaharibika. Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji yana rangi gani.

"Wewe haukuwako," akasema.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nilifurahi. Lakini baadaye nikaanza kujiuliza. Amefanya kwa ajili yangu mimi, kwa sababu mimi ndiye sikuwapo? Au kwa ajili yako, kwa sababu muhogo ni wako, na wewe ndiye haupo? Nililizungusha swali hilo mpaka likanichosha. Kama ni mimi, basi nimekuwa mtu wa hapa na sikuona ni lini. Kama ni wewe, basi mimi bado ni mikono ya duka inayotunza mali ya wenyewe. Sikuthubutu kumuuliza tena. Angeniambia nilete chumvi.

Leo asubuhi muhogo wako ulikuwa bado unahitaji saa mbili tatu za jua, ulishika unyevu wa nyumba. Jua likatoka. Nikaanika wako mahali pangu, na wa Candiru, ule uliokwisha kuwa mweusi, nikautandaza upya mahali pake, yeye akiwa amekwenda kanisani kukutana na wanawake wa kuchota maji. Kisha nikakaa chini sikutoka. Nilisema leo hata nyumba ikiungua sitoki.

Saa nne jua likiwa linawaka, matone yakaanza. Jua na mvua kwa pamoja, kila kitu kinameta, huoni vizuri unakokanyaga. Nikanyakua beseni nikakimbia. Nilikuwa najua la kufanya, mama, nimelijua miaka saba. Asiyekuwapo ni Candiru, unaanza na wa Candiru. Lakini miguu yangu haikwenda chini. Ilipanda juu. Nilifika karibu na ufa, nikainama, nikaanza kuzoa kwa mikono miwili, haraka haraka, nikasikia kucha zinakwaruza jiwe. Nikatazama. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nazoa mwamba mtupu uliolowa, na beseni langu lina maji.

Sikuweza kuinuka. Mwaka mzima nimepika, nimefagia, nimepokea wageni wa pole, nimesema Mungu alikupenda zaidi. Kumbe nilikuwa sijajua kwamba umekufa. Nimejulia pale.

Candiru alikuja mbio kutoka njia ya kanisani, kitambaa kimeanguka kichwani. Aliniona. Sikujua anionavyo, mke wa kaka yake amepiga magoti kwenye mvua na beseni tupu, muhogo wa watu wawili unalowa. Nilimngoja aniseme. Akaenda moja kwa moja mahali pangu, akaanza kuanua.

Nikamwambia, "Acha, mimi niko. Anza na yako."

Hakuinua kichwa. "Wewe iko kwa mama," akasema. "Kaa. Mimi nitaokota."

Nikakaa kidogo. Kidogo sana, kisha nikashuka nikaanza wa kwake. Hivyo ndivyo tulivyomaliza, yeye ana wangu, mimi nina wake, na wote ulikuwa umelowa kiasi. Tulimalizia kuukausha jikoni, juu ya moto, macho yanatutoka machozi, na ukiniuliza ni moshi au ni nini, sijui. Wakati wa kujaza gunia alichukua mweusi wake akaumimina juu ya mweupe wako bila kuniuliza. Mimi nikashika mdomo wa gunia uwe wazi. Sasa hivi yuko mashineni anasaga.

Kwa hiyo kesho enyasa yako itakuwa ya kijivu, mama. Itakuwa na uchungu kwa mbali. Shangazi zake Asiku wataitazama, kisha watatazama mikono yangu, na nitawaacha watazame. Wewe ungejua ulipotoka uchungu ule bila kuambiwa.

Sijapata kuelewa mvua ya hapa. Naona sitaelewa. Sasa hivi jua limehamia upande wa kuku, mvua imekuja upande wangu, karatasi inapata matone, na mbuzi wako wanakula tu.

Lala vizuri huko bondeni tulikokuzika. Kuanzia wiki ijayo nitaanika kule juu karibu na ufa, kama Candiru hatakataa, maana leo nimeona vibaya sana mahali pale palivyo patupu. Nikiwa sipo mvua ikija, najua nani ataanza na wangu.

Mkaza mwana wako,
yule wa mikono ya duka