Chupa Iliyobaki Bungu

Mnyuzi, Juni 1953

Shikamoo Bibi Efrazia,

Mimi ni mjukuu wako usiyenijua, msomaji wa majibu yako gazetini, naomba unisikilize maana nimekwama na sina mwingine wa kumwendea. Naitwa Yordani, nimezaliwa kambini hapa Mnyuzi, baba alitoka mbali kuja kukata mkonge akafia hapa hapa, mama naye akamfuata, na sasa mzazi wangu ni Mzee Abdi, rafiki ya baba, Mzigua wa Handeni, Mwislamu mwema anayenifokea kila siku. Mimi natunza mizabibu ya Bwana Manoli, Mgiriki wetu, iko nyuma ya nyumba yake, michache tu, zabibu zake nyeupe, miche aliileta kutoka kisiwa cha kwao na anasema hata huko imebaki kwa watu wachache, na zikiiva hatuzikamui mara moja bali tunazianika kwenye mikeka mpaka zijikunje kama uso wa kikongwe, unisamehe Bibi, ndipo tunakamua, kinatoka kinywaji kidogo sana, kinalala kwenye pipa mpaka kiwe divai ya rangi ya asali, tamu, nzito, na kwa mavuno mazima hapati chupa za kujaza hata rafu moja.

Sasa Bibi, kuna msichana wa Bungu, huko milimani, Josefina, huteremka soko la Korogwe na kikapu cha matunda, mafyulisi, nami nimeyanunua mpaka wenzangu kambini wakaniuliza kama nina mimba. Tukapatana, akaniambia nipeleke posa kwao pamoja na kinywaji cha wazee. Nilipomwambia Bwana Manoli aliingia ndani, akatoka na chupa moja ya ile divai, chupa yenyewe nene ya kwao, akanipa na cheti cha kuonyesha askari njiani, maana Mwafrika haruhusiwi kubeba divai, akasema hii hata Bwana Shauri wa serikali hajaionja, ila chupa nimrudishie, na hainywewi kama maji, ni kidogo kidogo baada ya chakula.

Tukapanda Bungu, mimi na Mzee Abdi, chupa nimeibeba mwenyewe maana yeye hakutaka iguse kanzu yake. Wazee walikuwa wamejaa uani wakingoja pombe ya miwa, mimi nikawamiminia kila mmoja kidogo kwenye kitako cha kikombe cha kahawa. Mjomba wa Josefina, Mzee Matayo, akakiinamisha kikombe akachungulia, akasema, "Kijana, umetuletea posa au dawa ya kikohozi?" Watu wakacheka. "Binti yetu hatukumlea kwa kijiko, mbona unamposa kwa kijiko?" Mzee Abdi akanitetea, "Jamani, hiki kitu ni cha thamani," wakamjibu, "Wewe unajuaje, na hunywi?" Basi tukaaga, hakuna aliyetusindikiza. Na kilichonikata maini zaidi ni bibi yake Josefina, ambaye alionja, akalamba midomo, akaniomba kizibo, akaiziba chupa kwa mkono wake, akaifutika kwenye kaniki yake akaingia nayo ndani, na divai ilikuwa bado zaidi ya nusu.

Nimefedheheka na chupa imechukuliwa. Bwana Manoli anaiuliza. Josefina tangu siku ile hajaonekana sokoni. Mzee Abdi yuko tayari kupanda mwisho wa mwezi akaidai, nami naona heri iwe hivyo, nipate chupa, nimwache binti wa watu, nitafute mke humu humu kambini, lakini moyo unakataa. Nakuuliza Bibi, aidaije bila ugomvi?

Yordani

BIBI EFRAZIA WA KILOLE ANAJIBU

Marahaba, Yordani. Nimesomewa barua yako nikacheka, nikaomba nisomewe tena, na mara ya pili sikucheka. Mwambie Mzee Abdi akae chini! Kama ameshavaa viatu, mvue.

Mimi nimeolewa Kilole, lakini kuzaliwa nimezaliwa huko huko milimani. Shule sikuiona hata mlango wake, ila posa nimeziona za kutosha, zangu na za binti zangu. Kwetu posa ikikataliwa, chombo hakilali. Kiwe kibuyu, kiwe mtungi, kinarudi na mwenyewe siku ile ile, na ukijifanya umekisahau utakimbizwa nacho njiani mpaka ukipokee. Kukibakiza ndani ni kumwambia mtu arudi tuzungumze. Na anayebakiza si mjomba. Wanaume wana kelele zao uani. Chombo ni cha bibi.

Sasa huyo bibi yake Josefina aliomba nini? Kizibo! Mtu anayekufukuza atahangaika na kizibo chako? Akaifutika nguoni, akaingia nayo ndani, na wewe umesimama unaona umeibiwa. Na Josefina haji sokoni kwa sababu binti ambaye chombo cha posa yake kimelala kwao hapangi mafyulisi barabarani akitazamwa na kila mpita njia. Yuko Bungu anakungoja, wewe uko Mnyuzi unalia, tena unataka kutuma mzee akadai chupa. Ukidai chombo umeghairi, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza mara mbili. Ungemtupa mtoto wa watu kwa mkono wako mwenyewe, halafu ungeniandikia kwamba watu wa mlimani ni wabaya.

Kutojua sikukemei. Mzee Abdi kwao Handeni wana mila yao, na wewe baba na mama wako chini ya udongo, nani angekufundisha? Nakukemea kwa haraka yako. Na ile divai usiionee haya hata kidogo, umewapa kilichotoka mikononi mwako. Ila mzee aliyeketi uani tangu asubuhi anataka kinywaji kijae kata, kipite mkono kwa mkono, kimwagike, majirani wasikie. Matayo hakukuchukia. Alikuwa na kiu.

Sisemi umeshaoa. Nasema mlango uko wazi na wewe ndiye unayetaka kuufunga.

Bwana Manoli mwambie ukweli, chupa yake itateremka kutoka Bungu siku atakayoteremka bibi harusi, na kama haiteremki utamwomba radhi. Tafuta miwa, tafuta wanawake hapo kambini wanaojua kuitengeneza pombe yake, iwe nyingi, na mtungi waubebe wao, maana mposaji habebi kinywaji. Mzee Abdi aje na kanzu yake. Asinywe, aseme. Wewe salimia, kaa, funga mdomo. Chupa usiitaje, wala usiitafute kwa macho.

Kilichonifanya nisicheke ni hiki: mlikwenda wanaume wawili bila mwanamke, yule bibi akakosa mtu wa kunong'ona naye. Basi pitia Kilole, uliza kwa Efrazia, utaonyeshwa, wananiogopa. Magoti yangu mabovu, tutapanda polepole. Nitaketi ndani na bibi mwenzangu. Na akiitoa ile chupa akakumiminia kwa mkono wake, kikombe kikajaa mpaka juu, ujue umekubaliwa, kunywa chote, usithubutu kumwambia kwamba Mgiriki wako hunywa kidogo kidogo.