Sufuria la Presha la Dada Zubeda

Mpendwa mshauri wetu Bi Apolonia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefika mahali natia sukari kwenye chai kisha nasahau kama nimeshatia, na hapa nyumbani wameanza kuniuliza kama naumwa. Majina nimeyabadilisha, kwa kuwa dada yangu hasomi gazeti lakini wateja wake wanalisoma.

Mimi ni somo, naishi Mbagala. Nafunda mabinti wanaoolewa kama alivyonifunda bibi yangu wa Kizaramo, lakini siku hizi watu wananijua kwa vyombo kuliko kwa mafunzo. Kamati ya kicheni pati ikitaka kununua vitu inanitanguliza mimi dukani, na mimi sina haya na wenye maduka, godoro nalikalia, sufuria naligonga na kulitazama kitako kwenye mwanga, birika nalijaza maji pale pale mlangoni, kisha nasema hiki chukueni, hiki kiacheni, na hakuna muuza duka aliyewahi kuninunulia soda nikabadilisha neno. Siku ya shughuli nanyanyua zawadi moja moja mbele ya akina mama, namwonyesha bi harusi jinsi ya kuitumia, nasema uzuri wake na ubovu wake, vigelegele vinapigwa, na nikisifia kitu basi wageni wote wanakitaka.

Jumamosi hii anayefundwa ni Raudha, mtoto wa marehemu kaka yetu Kondo, na mashangazi tuliobaki ni wawili tu, mimi na dada yangu Zubeda. Dada Zubeda ndiye aliyenilea. Mama alifariki mimi mdogo hata sikumbuki sauti yake, dada akaacha shule kwa ajili yangu, na hii kazi ya kuchagua vitu nimeipata kwake, kwa sababu alikuwa akinituma unga, nikirudi anaumimina kwenye ungo, akikuta wadudu ananirudisha dukani mimi mwenyewe. Ananiambia, "Kaseme huu mbovu. Usione haya, tumbo ni letu." Mpaka leo nikiwa dukani huwa naisikia sauti yake.

Sasa tangu shemeji afariki, alikuwa mpakiaji mizigo kule Kurasini, dada amehangaika sana, na kilichobaki amekimalizia kwenye masufuria ya presha, yale ya kufunga mfuniko maharage yakaiva upesi, aliyouziwa kwa jumla na mtu ambaye simu yake sasa haipatikani. Katoni zimejaa sebuleni, zimeingia chumbani, nyingine zimepangwa kitandani kwenye upande aliokuwa akilala shemeji.

Wiki iliyopita aliniita kwake. Nilimkuta anaosha vyombo, amekunja mkono wa dera hadi juu ya kiwiko, na mkono wenyewe umebabuka wote, Bi Apolonia, ngozi imetoka, unatisha kuutazama. Nikamuuliza, "Dada, umefanyaje?" Akasema, "Uji tu, ulinimwagikia." Nikainua macho nikaona dari ya jikoni ina tundu, na pembeni ya tundu kuna maharage yamekaukia pale juu. Sikusema kitu. Na yeye aliona kwamba nimeona, akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari.

Halafu akaniambia, "Mdogo wangu, zawadi yangu kwa Raudha ni sufuria la presha. Mie nakuomba tu ulinyanyue vizuri, useme yale maneno yako. Wewe ukisema, watu wataweka oda pale pale mlangoni."

Nikasema, "Lakini dada, haya masufuria..."

"Yana nini? Najma nimemuuzia, mama Brightson nimemuuzia, nani kalalamika?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo, hata hakunitazama, "Mie sikukulea ili uje unikane mbele za watu." Nililia kwenye bajaji njia nzima, dereva akawa ananipa pole akidhani nimefiwa.

Nimefikiria kusema naumwa nisiende. Nimefikiria kulinyanyua na kusifu rangi yake tu, maana rangi kweli nzuri, nyekundu iliyoiva, kisha nipite haraka kwenye seti ya vikombe. Mimi mwenyewe alinipa moja, bado liko kwenye katoni yake juu ya kabati, huwa namwambia nalitunza kwa ajili ya wageni. Dada atakaa mstari wa mbele kwa ukubwa wake, nikimwaibisha pale hatanisamehe, na mimi sina mama mwingine. Nikilisifia, kuna akina mama wananiamini tangu wakiwa mabinti, na kuna Raudha, ambaye baba yake hayupo kunigombeza. Tafadhali niambie, kuna namna ya kusema ambayo haitamuumiza dada wala kunifanya mwongo?

Ni mimi, somo, Mbagala.

*

Somo, marahaba. Pole sana. Niliposoma pale uliposema huna mama mwingine nilivua miwani nikakaa kidogo. Sasa nimeivaa tena, na nataka nikugombeze.

Namna unayoitafuta haipo. Ungeniuliza juu ya vikombe vinavyobanduka maua ningekwambia sifia mkono wa kikombe, tucheke, yaishe. Hiki ni chombo kilichotoboa dari. Eti utasifu rangi! Wasifia rangi wako kila duka hapa mjini, na kamati hazikuwahi kukutanguliza wewe kwa ajili hiyo. Ukisifu rangi na kunyamazia mengine, ukumbi utasikia kitu kimoja tu, kwamba somo amelikubali, na oda zitaandikwa. Na huo ugonjwa wa kusingizia ni mbaya vile vile, kwa sababu mwingine asiyejua kitu atalinyanyua badala yako, na atalisifia kwa moyo mweupe kabisa.

Dada yako si mtu mbaya, usije ukaanza kumwona hivyo. Ni mjane aliyetapeliwa, analala na katoni mahali pa mumewe, na ana mkono unaomuuma na hana wa kumwambia. Lakini pia si mjinga. Alijua unakuja, alikuita mwenyewe. Mwenye jeraha la kuficha angeshusha mkono wa dera, angejitupia mtandio, na vyombo angeviosha baadaye. Yeye alibaki mbele yako na mkono wazi, chini ya dari yenye tundu. Siwezi kuapa kuhusu moyo wa mtu, ila nadhani alikuwa anakungoja useme. Alikuwa anamngoja yule mtoto aliyemfundisha kurudisha unga. Wewe ukanyamaza, naye akaona basi, njia nyeupe.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumamosi, nenda leo. Usipige simu, usimtume mtu, na usiende na shoga yako wa kukupa ujasiri. Msalimie kama siku zote. Masufuria yaache kwanza, anza na mkono, mchukue umpeleke zahanati uoshwe na kufungwa na mtu anayejua, maana mkono uliobabuka hivyo ukitiwa kwenye maji ya vyombo utamletea makubwa. Mkiwa mmekaa kwenye benchi mnasubiri kuitwa, ndipo umwambie: "Dada, Jumamosi sitalinyanyua. Nakwambia hapa tukiwa wawili, kwa sababu wewe ndiye uliyenituma nikaseme huu mbovu." Halafu unyamaze. Atakasirika, atakukumbusha kila tonge alilokulisha. Usimjibu, na usiondoke kwenye benchi hilo hata akikupa mgongo.

Akubali asikubali, Najma na mama Brightson wasipikie tena hayo masufuria. Mkienda wote wawili kuwaambia itakuwa heshima kwake, na akikataa utakwenda peke yako, leo hii, kabla watu hawajabandika chakula cha jioni. Yule aliyemuuzia dada mzigo huo kaandikisheni habari zake polisi, hata kama mnaona ni bure. Kisha nenda dukani ukachague sufuria la kawaida lenye kitako kizito, uligonge kama unavyogonga, umpelekee dada, na Jumamosi litolewe kwa jina la shangazi Zubeda. Hilo ulinyanyue juu hadi mikono iume, umsifie na aliyelileta, na vigelegele vimwendee yeye pale mstari wa mbele. Hapo hutakuwa umesema uongo hata kidogo.

Na akija na lile la presha kwa hasira? Liweke chini ya meza bila kulifungua, uendelee na vikombe. Atakayekuuliza mlangoni, mwambie asinunue. Usizungushe maneno.

Sikuahidi kwamba atakusamehe. Huenda Idi hii ukaila bila dada yako, na ukaandaa sahani yake kwa mazoea kisha ukairudisha kabatini. Hilo litauma, na mimi sina dawa yake. Ningekuwa nayo ningekupa bure.

Ila kuna jambo uliliandika ukalipita haraka, kama ulivyotaka kupita haraka kwenye vikombe. Umesema la kwako bado liko kwenye katoni, juu ya kabati. Hukuhitaji mimi, somo. Ulishalipata jibu siku uliyopanda kwenye stuli ukaliweka kule. Wewe ni mtu mzima, unajua vyombo, umejua kulikwepa. Raudha hatalipandisha juu ya kabati. Atalipikia, tena kwa furaha, kwa sababu atakuwa ameona ni wewe uliyelinyanyua.

Wako, Apolonia.