Anayeiruka Ngazi ya Saba

Mdogo wangu Mwanakhamis,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Mkunazini, wewe na Mama, na goti lake liwe limetulia. Mie mwili hauna neno. Roho ndiyo inayoniuma tangu simu ya Ijumaa. Naandika kwa sababu simu husikika nyumba nzima. Barua hii usiisome kwa sauti.

Ulipompa Mama simu nilimwambia, "Shikamoo Mama, mie Haji." Hakuitikia. Akasema, "Haji gani? Haji yupo juu anakula. Wewe unamtaka nani, baba?" Nikasikia sahani ikiburutwa.

Nimekukasirikia, sikufichi. Miezi mitatu, kama ulivyokiri uliporudi kwenye simu, Mama anapakua sahani ya tatu kila adhuhuri, inarudi tupu, na wewe unaniambia "sote wazima". Miaka kumi na nne niko Uingereza na maboksi ya samaki wa barafu. Nilianza na ufagio, leo funguo za ghala lote ninazo mimi. Kila ubao wa nyumba hiyo ni jasho langu. Halafu mkeka wangu aukalie mwengine!

"Si mwengine, kaka," ukanijibu. "Nnamsikia akipanda. Ngazi kumi na tisa, hatua zake kumi na nane. Anairuka ya saba."

Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Nilipoondoka, ngazi ya saba ilikuwa imeoza, sote tukiiruka. Mwaka wa pili wa safari yangu ikatiwa ubao mpya. Tangu hapo hana haja ya kuiruka mtu yeyote, ila aliyeondoka kabla haijatengenezwa.

Jumatatu nilikuwa darasani. Nasomea mtihani wa uraia. Mwalimu akaandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti: emigrant, aliyetoka kwao, na immigrant, aliyeingia kwa watu. Mwenzetu akauliza kama hao ni watu wawili. "Ni huyo huyo mmoja," mwalimu akasema. "Inategemea wewe umesimama mlango gani." Darasa likacheka. Hesabu haijapata kunishinda, lakini hiyo kila nikiijumlisha hainipi mmoja.

Mtihani nimeuacha. Nakuja mwezi ujao, kabla Mama hajanisahau kabisa. Nitapiga hodi mara tatu, kisha nitapanda nikizikanyaga ngazi zote, na ya saba nitaikanyaga kwa nguvu. Mkalishe Mama karibu na ngazi, ahesabu mwenyewe. Lakini hodi yangu uiitikie wewe. Ukisikia "Karibu" inatoka juu, na sauti ni yangu, mshike Mama mkono mtoke nje, msigeuke nyuma.

Nisalimie Bi Mwema jirani yetu, na mjomba Makame aliyeitengeneza ngazi. Muulize ule ubao mbovu aliutupa wapi, isije ikawa bado umo ndani ya nyumba.

Kaka yako,
Haji, huyu wa huku