Hisa za Chai Zilizobaki Nairobi

Baba,

Mwaka unakaribia tangu tukuzike, na leo ndiyo nimepata moyo wa kukwandikia. Mama hajambo, macho tu ndiyo yanazidi kumpotea. Malindi yetu ya hapa kisiwani bado tupo, ila vyumba vya juu wamepewa watu wengine.

Nimekikuta kile cheti ndani ya mkoba wako wa ngozi: hisa za kampuni ya chai, jina langu chini ya lako. Nikakumbuka siku nilipokuwa nikichagua mchele, nawe ukinihadithia ujana wako Nairobi, ulipokuwa karani wa dalali wa hisa. Nilicheka, nikakuuliza ni soko gani hilo lisilo kapu wala mizani. Ukanambia kampuni hugawanywa vipande vingi, watu wakavinunua, na fedha zao ndizo zinazolimia mashamba na kununulia mashine. Mwenye kipande akikichoka humtuma dalali, naye hukutana na madalali wenziwe, wakapatana bei. Wewe ukaiandika ubaoni mbele ya wote, asipunjwe mtu. Ukasema, "Kununua ni rahisi, mwanangu. Soko lipo kwa ajili ya anayetaka kutoka."

Nami nilitaka kutoka, Baba. Daktari kasema macho ya Mama yatatibika Nairobi, na fedha za matibabu hatuna ila za kuuza hizo hisa. Nikamwandikia dalali, akajibu niende mwenyewe na cheti, nikatie saini mbele yake. Barua ilinifikia ishafunguliwa. Kaka Salim akanisihi nikichome cheti, akasema tangu Mapinduzi mwenye mali ng'ambo hajui atalala wapi. Sikukichoma. Nikaenda kuomba kibali cha kusafiri.

Afisa akaniuliza nna nini Nairobi. Nilikuwa nimejitayarishia uongo wa harusi, lakini sikuutumia. Nikamweleza hisa, dalali, ubao, vile vile ulivyonieleza. Akaweka kalamu chini, akasikiliza kama mwanafunzi. Halafu akauliza, "Na asiyeweza kufika huko, anauzaje?"

Nikamwambia hauzi.

Akanirejeshea karatasi yangu bila ya muhuri. "Nenda nyumbani, Bibi. Na haya usimwambie mtu mwengine."

Mpaka leo sijui kama alinihurumia au aliliandika jina langu mahali. Kila ikipigwa hodi, huwahi kukificha cheti. Na Mama... Mama akiniuliza lini tunasafiri, nikimwambia karibuni. Jana nimechoka kumdanganya, nikamwambia kweli yote. Hakulia. Aliniomba nimsomee cheti, neno kwa neno, na nilipofika kwenye jina lako akanambia nirudie.

Nakuahidi sitokichoma. Jumatatu ntarudi kwa yule afisa, na akinikatalia, ntarudi Jumatatu nyengine, hata kama safari hiyo sitoruhusiwa kutoka ofisini kwake.

Kwa heri, Baba. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Bintiyo,
Zuhura