Mbao za Chini ya Bati

Jumatatu, 3 Februari
Kosa la wengi ni kuchagua mbao kwa uso. Uso hupigwa randa, unang'aa, mtu analipa. Mimi huanza na kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Kikiwa baridi mkononi, ndani kuna maji bado.

Leo tena yadi ya Busia, upande wa Kenya. Nimegusa vichwa hadi muuzaji akauliza kama natafuta mbao au mchumba. Saipres zote mbichi. Nimechukua zilizonyooka, zisizo na kiini cha mti katikati. Nitazikausha mwenyewe.

Ni za kutandika juu ya kenchi, chini ya bati, ili kelele za mvua zipungue. Sikio la kushoto la mke wangu, Athieno, limekufa, na la kulia linafifia. Daktari wa Tororo hakuficha: halitarudi. Kila mvua inaponyesha, yuko peke yake nikiwa mbele yake. Sitaki msimu huu upite hivyo.

Jumamosi, 8 Februari
Mbao zimefika nyumbani Nagongera, upande wa Uganda. Nimezipanga kivulini, vijiti kati ya safu na safu, hewa ipite. Jua kali hukausha uso tu na kuupasua. Nimekata kipande cha ubao mwembamba, cha kupima kwenye mizani ya muuza mahindi. Kikiacha kupungua uzito, mbao ziko tayari. Kabla ya hapo, hapana.

Alhamisi, 13 Februari
Fundi Wafula amekuja na jerikani ya oili chafu ya gari. Hapa kila mtu hupaka hiyo, kuzuia mchwa. Kwenye nguzo ya ua, sawa. Kwenye ubao mbichi juu ya kitanda, hapana: oili hufungia maji ndani, na harufu haitoki.
"Mwalimu, mchwa hawangoji mbao zikauke," akasema.
"Wangoje, nawe ungoje."
Alicheka, lakini alikasirika. Ana paa lingine Bulumbi. Amekwenda huko.

Jumatano, 19 Februari
Mvua ya ghafla mchana. Athieno aliniuliza kitu. Nikajibu, nikarudia, nikapaza sauti. Alitazama midomo yangu, akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharage. Sijui hata aliuliza nini. Baadaye alisema halikuwa jambo la maana.

Nimeogopa. Nilimpigia Wafula simu aje apigilie hivyo hivyo. Kisha nikapima kipande. Bado kinapungua. Mbao zikipigiliwa hivi zitajikunja, zing'oe misumari, na kelele zirudi kupitia mianya. Nikampigia tena: asije. Akaniuliza kama nyumbani kuna mwalimu mmoja au wawili.

Jumatatu, 3 Machi
Kipande hakipungui tena. Nimepima mara mbili, muuza mahindi ananiona kichaa. Mbao za sebule, zilizo nyembamba, tayari. Zile nene za chumba cha kulala bado, vichwa vyake ni baridi.

Wafula amerudi bila jerikani. Aligonga ubao mmoja kwa kidole, akasikiliza, akagonga mwingine. Alipanda ngazi. Tumefungua bati la sebule peke yake, mawingu yakiwa juu ya Mwamba wa Tororo. Mbao kwanza, fito juu yake, kisha bati, hewa ibaki katikati. Nilimpa misumari nikitazama mawingu. Bati la mwisho limefungwa na matone yameanza.

Jumapili, 9 Machi
Mvua kubwa baada ya ibada. Tulikaa sebuleni. Juu, mngurumo wa mbali tu, kama treni iliyokwisha kupita. Nilianza kumsimulia mahubiri, kwa sauti yangu ile ya darasani.

Athieno aliweka kikombe chini.
"Baba Owor, usipige kelele. Nakusikia."

Nimeshusha sauti. Tumeongea mpaka chai ikapoa. Nilimuuliza alichotaka siku ile ya maharage. Amesahau kweli.

Mvua imekatika. Leo, kabla giza halijaingia: geuza mbao za chumba cha kulala, upande wa chini nao ukauke.